Kwa nini Lillian Gish aliuacha mkono wake kwenye maji ya barafu?

Msichana amelala juu ya bamba la barafu, mto unamchukua kuelekea kwenye maporomoko. Amezimia. Nywele zake na mkono mmoja vimezama majini, vinaburuzwa na mkondo. Hiyo ni filamu ya Way Down East ya mwaka 1920, iliyoongozwa na D. W. Griffith, na msichana huyo ni mwigizaji Lillian Gish.

Barafu ilikuwa ya kweli, huko White River Junction, jimbo la Vermont, Marekani. Hakuna aliyemlazimisha kuutia mkono majini. Wazo lilikuwa lake. Miaka mingi baadaye alisimulia kwamba vidole vile bado vilimuuma kila alipokaa kwenye baridi.

Kwa nini basi alijitesa hivyo?

Filamu za wakati ule zilikuwa bubu. Maneno machache yaliandikwa katikati ya picha, lakini maandishi yanaweza kukuambia tu kwamba mtu amezimia. Hayawezi kukufanya uamini. Mtu mwenye fahamu zake, akiguswa na maji ya barafu, huurudisha mkono haraka. Asiyeurudisha, huyo kweli hajijui. Mtazamaji hahitaji kuelezwa, mwili wake mwenyewe unajua. Kwangu mimi, ule mkono unasema kuliko kilio chochote.

Ufundi huo Gish aliuanzia jukwaani. Baba aliwaacha, mama akaingia kwenye maigizo ili watoto wapate chakula, na kufikia mwaka 1902 Lillian, mzaliwa wa Ohio wa mwaka 1893, naye alikuwa anaigiza. Mwaka 1912 rafiki yao wa jukwaani, Mary Pickford, aliwajulisha yeye na mdogo wake Dorothy kwa Griffith. Mwongozaji hakuweza kuwatofautisha, akawafunga utepe: wa buluu kwa Lillian, mwekundu kwa Dorothy.

Jukwaani ni lazima sauti na ishara zimfikie aliyekaa nyuma kabisa. Kamera, kinyume chake, inakusogelea hadi kwenye kope. Gish akajifunza kupunguza: jicho ligeuke kidogo, kidole kitetemeke, basi.

Sauti ilipoingia kwenye filamu mwishoni mwa miaka ya 1920, nyota wengi walizimika. Yeye alirudi alikotoka. Mwaka 1930 alikuwa jukwaani New York katika Uncle Vanya, tamthilia ya Mrusi Chekhov, na mwaka 1936 akacheza Ophelia kwenye Hamlet ya Shakespeare pamoja na mwigizaji Mwingereza John Gielgud. Kusema mbele ya watu ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza, tangu utotoni.

Filamu yake ya mwisho, The Whales of August, ilitoka mwaka 1987, naye amepita miaka 90. Humo anamtunza dada yake asiyeona, aliyechezwa na Bette Davis. Kuna mahali anamchana nywele zake ndefu nyeupe, taratibu, na unajikuta unaitazama mikono.