Capital Ring kwa vipande na marafiki: miguu itafika, shida ni kalenda

Mimi ni fiziotherapisti, na hospitalini kwetu nimepewa kazi ya kuongea na wagonjwa wa Kiswahili walioko hapa London. Swali ninaloulizwa kila wiki ni hili: dokta (mimi siyo dokta ila wameshazoea), umesema nifanye mazoezi, jimu siwezi, kukimbia magoti hayataki, sasa nifanyeje? Siku hizi nawajibu tafuta marafiki watatu mkaizunguke London kwa miguu. Wanacheka kwanza.

Kuna njia inaitwa Capital Ring, kilomita 126, imezunguka mji kama pete na imekatwa vipande 15. Inaanzia Woolwich upande wa kusini wa mto Thames, inapita Eltham, Crystal Palace, Streatham, Wimbledon mpaka Richmond, inavuka mto, inapandisha Harrow na Highgate, inashuka Hackney na kukurudisha Woolwich palepale. Utamu wake ni kwamba vipande karibu vyote vinaishia jirani na treni au basi, kwa hiyo goti likigoma unagusa kadi unarudi zako nyumbani, hujakwama porini.

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Wastani maana yake nini? Jaribu kuongea. Ukiweza kusimulia mambo ya harusi ya jana bila kukata pumzi, lakini kuimba huwezi, basi hapo ndo penyewe. Ndo maana nasisitiza marafiki, maana wa peke yake atampigia nani umbea? Na mwendo ufuate wa yule wa polepole kuliko wote, yeye atangulie mbele, asiachwe nyuma akikimbilia kuwafikia halafu akifika tu nyie mmeshapumzika mnaondoka. Hiyo roho mbaya nimeiona sana.

Sasa miguu. Kipande cha tatu, Grove Park mpaka Crystal Palace, ni kirefu, zaidi ya kilomita 12, na sisi ndo kilipotunyoosha. Shoga yangu alikuja na raba mpya nyeupe pee na soksi nyembamba za pamba, usiku mvua ilinyesha, majani ya Beckenham Place Park yamelowa, baada ya muda namwona anakanyagia vidole. Namuuliza, ananiambia hamna kitu twende. Nikamkalisha kwenye benchi nikamvua kiatu, kisigino chekundu duara kama sarafu, cha moto ukigusa, ngozi imeanza kujivuta lakini maji bado hayajajaa. Hapo ndo pa kusimama, siyo mbele. Lengelenge linatokana na msuguano na unyevu, basi kausha mguu, bandika plasta kabla ngozi haijachubuka, vaa soksi kavu (beba pea ya pili, haina uzito wowote) na funga kamba upya kisigino kisicheze. Likishajaa maji usilitoboe, ile ngozi ya juu ndo bandeji yenyewe. Raba nunua jioni miguu ikiwa imevimba kidogo, uache nafasi mbele ya vidole, la sivyo kwenye mteremko kucha zitakuwa nyeusi. Tulifika Crystal Palace tukiwa hoi, tukayakuta yale masanamu ya dinosaria ya mwaka 1854 yametukodolea macho.

Wenye kisukari nawaomba msikilize zaidi, maana sukari ikishaua hisia za miguu unaweza kutembea na kijiwe ndani ya kiatu kutwa nzima na usijue. Ingiza mkono ndani ya kiatu kabla ya kuvaa, ukirudi kagua nyayo na katikati ya vidole, na kama unachoma insulini muulize nesi wako kabla, halafu kitu chenye sukari, cha kuokoa sukari ikishuka njiani, kikae mfukoni mwako, siyo kwenye begi la mwenzio.

Kesho yake mapaja yatauma ukishuka ngazi, hasa siku ya pili. Ni kawaida, yataisha. Ila mguu mmoja ukivimba na shavu la mguu linauma, hiyo siyo uchovu, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Makundi mengi hayafi kwa malengelenge lakini, yanafia kwenye grupu la WhatsApp, "tutapanga", miezi minne imepita. Sisi hatuagani stesheni mpaka tarehe ya kipande kijacho imewekwa, hata kama mmoja ana shifti, tutachukua kifupi. Mwenye magoti mabovu nampendekezea kipande cha Highgate, njia inapita juu ya reli ya zamani iliyoacha kubeba abiria 1954, karibu yote tambarare.

Na kipande cha 14 kina kichekesho chake, maana baada ya Hackney Wick mnatembea juu ya tuta lililofunika bomba kuu la maji taka, lililojengwa na injinia Bazalgette baada ya harufu ya mto kumshinda kila mtu mwaka 1858. Kipindupindu cha 1866 kilipiga mashariki ya London, huko ambako mabomba yalikuwa hayajakamilika. Mimi kama mtu wa afya nilisimama pale nikawatolea wenzangu lekcha nzima, wakaniambia tembea bwana.

Mwisho unapita chini ya Thames kwa handaki la waenda kwa miguu la mwaka 1912, mita 504, baridi, sauti zinarudi. Sisi tulipita tunaimba, maana mwendo ulikuwa umeshakuwa wa kutambaa.