Je, wajua kwa nini ndizi za kasiksi, pombe ya ndizi ya mashariki mwa Kongo, hukandwa pamoja na nyasi?

Kanda ndizi mbivu peke yake mikononi uone: utapata uji mzito unaonata, na maji hayatoki. Lakini wakamuaji wa Kabare na Walungu, ambao kasiksi yao hunywewa katika mji wa Bukavu, hupata mutobe (maji ya ndizi) mwembamba kutoka ndizi kama hizo, hata kabla ya kuongeza maji. Wanasaidiwa na nyasi, na kabla ya nyasi, na kujua siku ya kukanda.

Ndizi mbichi imejaa wanga, na wanga hauchachi wenyewe. Ndiyo maana mikungu hulazwa shimoni na kufunikwa majani ya mgomba, mara nyingi na moshi kidogo, kwa siku nne hadi sita. Joto na gesi ya etileni, inayotolewa na ndizi zenyewe na kupatikana pia katika moshi, hufungiwa humo, kwa hiyo mikungu yote huiva pamoja na wanga hugeuka sukari. Ukifukua mapema, mutobe ni kidogo na una ukakasi wa ubichi. Ukichelewa, nyama ya ndizi inalegea na kuwa ute usiokamulika.

Sasa nyasi. Katika ndizi mbivu mutobe umeshikwa na pektini, kitu kilekile kinachogandisha jemu. Ndizi zikimenywa na kuwekwa katika mtumbwi wa mti, nyasi ndefu zenye makali hukwaruza nyama yake na kuacha njia ndogo ndogo za mutobe kupita, huku makapi yakibaki yamenaswa. Kanda kwa mikono au miguu mpaka mutobe uanze kujitenga, kisha kamua mara moja. Anayeendelea kuponda kwa tamaa hurudisha uji. Aina ya ndizi pia ina neno: zile za pombe, zinazokausha ulimi, zina tanini nyingi, na tanini hushikana na protini hivyo mutobe hutoka kwa urahisi zaidi. Ndizi za kupika hazifai kazi hii.

Mutobe ukishachujwa huongezwa maji kidogo, maana sukari ikizidi chachu huzembea, halafu unga wa mtama uliokaangwa, takriban kilo 1 kwa kilo 12 za ndizi. Hapa watu wengi hukosea, wakidhani mtama huo hufanya kazi ya shayiri iliyooteshwa katika bia ya kiwandani. Shayiri ile hugeuza wanga kuwa sukari kwa vimeng'enya vyake. Mtama uliokaangwa umeviua vyake motoni. Kazi yake ni rangi, harufu ya kukaanga, uchungu kidogo na chakula cha chachu.

Kasiksi huchacha siku moja hadi tatu katika chombo kilichofunikwa. Usikaze kifuniko cha bidoni (dumu la plastiki): gesi itaivimbisha mpaka ipasuke. Usiiache wazi pia, kwa sababu bakteria wa siki wanahitaji hewa, na wakiipata watageuza pombe yote kuwa siki.