Umetaja jina la msanii, umelipia Boomplay, na bado video imenyamazishwa

Chini ya video nyingi za harusi, vichekesho na ibada utakuta maneno yaleyale: "Wimbo si wangu, haki zote ni za msanii." Anayeyaandika anaamini amejikinga. Kwa kweli ameweka kwa maandishi kwamba anajua wimbo una mwenyewe, na kwamba mwenyewe huyo si yeye.

Sheria ya hakimiliki ya Tanzania, Na. 7 ya 1999, na ile ya Kenya ya 2001 zinatenganisha mambo mawili. Mtunzi ana haki ya kutambuliwa kwa jina, na ana haki ya kuamua nani aitumie kazi yake na kwa malipo gani. Ukimtaja umetimiza ile ya kwanza. Ya pili iko palepale. Tena hiyo ya pili imekatwa vipande: kusikiliza nyumbani ni kipande kimoja, kuuweka wimbo juu ya picha ni kingine, kuusambaza mtandaoni ni kingine, kuupiga ukumbini ni kingine tena. Dhana karibu zote zilizo hapa chini zinatokana na mtu kulipia kipande kimoja akadhani amenunua mkate mzima.

"Sekunde chache hazina kesi"

Muulize anayesema hivyo ni sekunde ngapi. Mmoja atakuambia 7, mwingine 15, mwingine 30. Hakuna anayekuonyesha kifungu, kwa sababu hakipo. Sheria zetu zinaruhusu matumizi fulani bila kibali, kama kuripoti habari, kuhakiki kazi au kufundishia, lakini kinachopimwa humo ni lengo na kiasi kinachostahili lengo hilo. Saa ya mkononi haihusiki. Huenda dhana hii imeshika mizizi kwa sababu TikTok, Instagram na YouTube Shorts hukupa vipande vifupi vya nyimbo. Vipande hivyo ni vifupi kwa sababu ya mikataba ya majukwaa hayo na makampuni ya muziki, basi.

Na ufupi haukuwaokoa hata wakubwa. Novemba 2019 video ya "Uno" ya Harmonize iliondolewa YouTube baada ya prodyuza wa Kenya, Magix Enga, kulalamika kwamba ndani yake kuna mdundo wa wimbo "Dundaing". Ugomvi ule ulihusu sehemu ya biti, si wimbo mzima.

"Nimelipia, kwa hiyo ni wangu"

Umelipia kusikiliza. Masharti ya Spotify, Apple Music na Boomplay yanasema wazi kuwa ni matumizi binafsi yasiyo ya biashara. Hata ukinunua CD halisi yenye sahihi ya msanii mwenyewe, umenunua kisahani na haki ya kukisikiliza. Tuendelee.

"Msanii mwenyewe kaniruhusu, nina meseji yake"

Hapa ndipo wapiga picha za video za harusi wanapoumia zaidi, na wanaumia wakiwa na nia njema kabisa.

Wimbo mmoja uliorekodiwa una angalau haki mbili tofauti. Kuna utunzi, yaani tuni na mashairi, ambao ni wa mtunzi au wa kampuni inayosimamia kazi zake. Kuna na rekodi, ile sauti iliyotoka studio, ambayo mara nyingi ni ya lebo, yaani kampuni inayomsimamia msanii, au ya yule aliyegharamia kurekodi. Anayeimba anaweza kuwa na zote mbili, moja, au asiwe na hata moja. Kijana aliyesaini na lebo akapewa gari na nyumba ya kupanga huenda hana mamlaka ya kukuruhusu chochote, hata kama yeye ndiye unayemwona kwenye video na kumsikia redioni. Atakujibu "tumia tu kaka" kwa moyo mweupe, na lebo yake itadai mapato ya video yako wiki hiyohiyo.

Hata msanii anayejitegemea kabisa huwa ameukabidhi wimbo kwa msambazaji wa mtandaoni, na msambazaji ameuingiza kwenye mfumo wa YouTube wa kutambua nyimbo. Mfumo hausomi meseji za WhatsApp. Kwa hiyo, ukishakubaliana na msanii, muulize mambo mawili zaidi: nani anamiliki rekodi, na nani anausambaza. Kisha omba ruhusa ya maandishi inayotaja wimbo, video, mahali itakapowekwa, kwa muda gani, na kama utaingiza matangazo ya biashara. Mwombe pia amwambie msambazaji wake aiondoe chaneli yako kwenye madai. Hilo huchukua dakika chache kwa msambazaji aliye makini. Likikataliwa, umejua mapema kwamba uliyekuwa unazungumza naye siye mwenye neno la mwisho.

Biti zinazouzwa mtandaoni kwa bei nafuu zina mtego wa aina yake. Biti ileile huuzwa kwa wasanii wengi bila mmoja kupewa umiliki wa peke yake. Mmoja wao akiingiza wimbo wake kwenye mfumo wa utambuzi, wewe uliyenunua kihalali unaweza kuletewa dai. Tunza risiti na leseni ya biti. Ndiyo silaha yako pekee siku hiyo.

"Nimeimba mwenyewe, sijatumia sauti ya mtu"

Umekwepa haki ya rekodi. Ya utunzi bado. Bendi ya hoteli huko Diani ikiwaimbia watalii "Jambo Bwana" kila jioni haigusi rekodi ya Them Mushrooms, ila inatumia utunzi, na mtunzi anastahili mirabaha, yaani malipo ya kutumiwa kwa kazi yake. Mtandaoni ni vivyo hivyo: ukiimba upya wimbo wa mwingine, msimamizi wa utunzi anaweza kudai mapato yote au sehemu yake, au kuzuia video.

Hapa kuna dhana ya ndani zaidi, ya makanisani: kwamba nyimbo za injili ni za Mungu, hivyo hazina hakimiliki. Mtunzi wa wimbo wa injili analipa ada za shule kama wengine. Nchini Marekani sheria imewaachia waumini kuimba na kupiga muziki wakati wa ibada bila kibali, lakini msamaha huo unaishia ndani ya nyumba ya ibada. Ibada ikirushwa mtandaoni haumo. Kwaya yenye chaneli yake ingefanya vyema kuandika watunzi wa nyimbo zake zote kabla ya kuwasha kamera, si baada ya video kufika watazamaji laki moja.

"Wimbo wa zamani hauna mwenyewe"

Una mwenyewe mpaka muda uishe, na muda ni mrefu kuliko watu wanavyodhani. Tanzania na Kenya zinalinda utunzi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya ni miaka 70. Zilipendwa za miaka ya 1970, zile za "tupige ya wazee" kwenye sherehe, karibu zote bado zina wenyewe, na warithi wao wapo.

Siti binti Saad ni mfano wa upande wa pili. Alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, akafariki 1950. Kwa alichotunga mwenyewe, miaka 50 ilitimia mwaka 2000 na ile 70 ikatimia 2020. Unaweza kuchukua tuni yake ukaipiga upya kwa kinanda chako. Lakini kikundi cha taarab kilichourekodi wimbo huohuo juzi kina haki juu ya rekodi yake kikamilifu, na ukiichomoa rekodi hiyo ukaiweka kwenye filamu yako kuhusu Unguja, umerudi kulekule. Kadhalika Beethoven: muziki ni huru, okestra iliyoupiga si huru.

Umaarufu nao si ushahidi. Wimbo wa Kiingereza wa kuzaliwa, unaoimbwa kwenye kila keki duniani, ulidaiwa malipo na kampuni ya muziki ya Warner/Chappell hadi mahakama ya Marekani ilipoamua mwaka 2015 kwamba dai lao la umiliki wa mashairi halikuwa na msingi. Mwaka uliofuata walikubali kurejesha dola milioni 14.

"Uko kwenye maktaba ya TikTok, kwa hiyo umeruhusiwa"

Umeruhusiwa kama mtu binafsi anayejifurahisha, ndani ya TikTok. Ukiupakua ukaupeleka Facebook, ruhusa imebaki nyuma. Ukiutumia kuuza vitenge au kutangaza kliniki yako, ruhusa hiyo haikuhusu. Akaunti za biashara zina maktaba yao tofauti, ndogo na yenye nyimbo chache unazozijua. Wajasiriamali wengi hubaki na akaunti ya kawaida ili waendelee kupata nyimbo zinazovuma. Sheria haiangalii aina ya akaunti uliyochagua, inaangalia unafanya biashara au hufanyi.

Wajerumani walilionja hilo mapema mwaka 2021. Wakati wa korona, hospitali, polisi na vikosi vya zimamoto huko walicheza "Jerusalema" ya Master KG na Nomcebo Zikode wa Afrika Kusini, wakaweka video mtandaoni kutiana moyo. Baadaye Warner Music ikawadai taasisi kadhaa ada ya leseni, na wizara ya mambo ya ndani ya jimbo la Nordrhein-Westfalen ikalipa. Watu walikasirika, na hasira yao naielewa. Lakini kisheria taasisi yenye nembo yake kwenye video inajitangaza, hata kama inacheza kwa furaha.

Na ruhusa ya jukwaa inaweza kufutika usingizini. Mkataba wa Universal Music na TikTok ulipoisha mwisho wa Januari 2024 bila mpya, nyimbo za kampuni hiyo ziliondolewa na video nyingi za zamani zikabaki bila sauti, hadi walipoelewana Mei. Video unayotaka iishi miaka mitano usiijenge juu ya wimbo wa aina hiyo.

"Muziki wa bure ni bure"

Soma masharti. Maktaba ya sauti ya YouTube ina nyimbo zisizodai kitu na nyingine zinazokutaka umtaje mtunzi. Leseni za Creative Commons, ambazo mwenye kazi huzitumia kuruhusu watu waitumie kwa masharti yake, ziko za aina kadhaa: yenye NC inakataza biashara, na yenye ND inakataza kuibadili kazi, na kuuweka muziki juu ya picha za video kunahesabiwa kuwa ni kuubadili. Wengi hawalijui hilo.

"Nimepigwa straiki!"

Mara nyingi hujapigwa. Umewekewa dai, na tofauti ni kubwa.

Ule mfumo wa YouTube wa kutambua nyimbo, uliopo tangu 2007, unaitwa Content ID. Mwenye haki hupeleka rekodi yake, mfumo huitengenezea alama, na kila video inayopakiwa hulinganishwa nayo. Ikifanana, mwenye haki alishachagua kitakachotokea: kuzuia video, kuchukua mapato ya matangazo, au kufuatilia tu takwimu zake. Chaneli yako haipati doa. Kupandisha spidi au kushusha sauti ili kuuhadaa mfumo husaidia siku mbili tatu, kisha dai huja likiwa limechelewa.

Straiki inakuja mwenye haki anapowasilisha ombi la kisheria la kuondoa video. Tatu ndani ya siku 90, chaneli inaweza kufungwa na video zote kwenda nayo.

Kama una leseni, pinga dai bila woga. Aliyedai ana siku 30 za kujibu, na akikaa kimya dai linaanguka. Ukipinga ndani ya siku 5 za mwanzo, mapato huwekwa pembeni tangu siku ya kwanza mpaka ijulikane ni ya nani. Kama huna leseni, usipinge kwa kubahatisha. Ukikata rufaa bila karatasi mkononi, aliyedai anaweza kuomba video iondolewe, na hapo ndipo dai hugeuka straiki ya kweli.

"Redio imeshalipa, mimi nafungulia tu saluni"

Redio imelipia kurusha. Wewe unawapigia wateja, na hilo ni tumizi jingine: saluni, baa, hoteli, matatu, basi la mkoani. Sheria ya Tanzania inatazama kama waliopo, au wanaoweza kuwepo, wako nje ya mzunguko wa kawaida wa familia na watu wake wa karibu. Chai ya familia sebuleni imo ndani ya mzunguko. Ukumbi wenye wageni 400 na kadi za mchango kutoka ofisi tatu, ni vigumu kudai kwamba nao umo. Kabla ya kusaini mkataba wa ukumbi, uliza kama una leseni ya muziki, kwa sababu wengine wanayo na wengine wanamwachia mwenye shughuli. Leseni hiyo ni ya kupiga muziki siku ile, na haiingii kwenye video ya harusi itakayopakiwa baadaye.

Kujua pa kulipia kunahitaji uangalifu, maana mambo hubadilika. Tanzania Bara, marekebisho ya mwaka 2022 yaliiacha COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ikiwa msimamizi, na ukusanyaji wa mirabaha ukaelekezwa kwa vyama na makampuni yenye leseni, TAMRISO ikiwamo kwa muziki. Zanzibar ina sheria yake ya 2003 na ofisi yake, COSOZA; kibali cha Dar es Salaam hakivuki bahari. Kenya, kwa miaka mingi chama cha MCSK kilisimamia watunzi, KAMP watayarishaji na PRISK waimbaji na wapigaji, wote wakihitaji leseni ya KECOBO, bodi ya hakimiliki ya nchi hiyo. Leseni hiyo si ya kudumu: mwaka 2017 KECOBO iliinyima MCSK na kuipa chama kingine, MPAKE, na wenye biashara wakajikuta wakidaiwa huku na huku. Akija mtu na kitabu cha risiti mlangoni pako, mwache akae, mpe maji, kisha piga simu KECOBO au COSOTA uulize nani ana leseni mwaka huu, kabla hujatoa shilingi.