Skraibu wa hospitali ni nani, na anawajibika vipi na faili lako

Mwaka juzi nilimpeleka mama mdogo hospitali moja hapa Dodoma, tumetoka Bahi alfajiri, tukaingia chumba cha daktari tukakuta na kijana pembeni yuko kwenye kompyuta. Daktari anauliza, mama anajibu, kijana anataipu. Nilifurahi kwa kweli, maana daktari alikuwa anamwangalia mgonjwa usoni sio anaangalia skrini. Tulivyofika dirisha la dawa ndo mfamasia akauliza, mama una aleji na dawa yoyote? Mama akasema ninayo, Septrin, iliwahi kunibabua mwili mzima. Mfamasia akatazama tena kwenye sistimu, imeandikwa hana aleji. Na mle ndani hakuna mtu aliyemuuliza hilo swali, mimi nilikuwepo mwanzo mpaka mwisho.

Kazi aliyokuwa anaifanya yule kijana wenzetu wanaiita medikali skraibu, na tangu siku ile nimeisoma sana ndo maana naiandikia.

Skraibu ni mtu anayeandika kwenye faili kile daktari anachoambiwa, anachokiona na anachoamua, palepale mgonjwa akiwepo. Hapimi, hashauri, haandiki dawa kwa akili yake. Marekani kazi hii ilishika kasi baada ya sheria ya 2009 iliyotoa hela kwa hospitali na madaktari watakaohamia mafaili ya kompyuta, madaktari wakajikuta wanashinda kwenye kibodi, ikabidi watafutwe watu wa kuwaandikia, na wengi ni vijana wanaojiandaa kusomea udaktari. Huku kwetu jina ni geni lakini kazi ipo kila siku: asubuhi raundi ya wodi bosi anaongea, intern, yule daktari aliye bado mafunzoni, anafuata nyuma na faili mkononi anaandika huku anatembea. Muda huo intern ni skraibu, na wajibu wote wa skraibu uko juu yake.

Wajibu wa kwanza, na kwangu ndo mkubwa kuliko yote, ni kuandika kilichotokea tu. Kama daktari hakuweka kipimo kifuani, usiandike mapafu yako safi. Kama aleji haijaulizwa, usiandike hana, muulize daktari, dokta hapa kwenye aleji niandike nini? Ni swali la sekunde tano. Shida ni kwamba sistimu nyingi zinadai kila kisanduku kijazwe ndo ziende mbele, na foleni nje ni ndefu, kwa hiyo mkono unajaza wenyewe. Au mtu anakopi maelezo ya jana anapesti leo, mgonjwa aliyekuwa na homa juzi anaonekana bado ana homa siku ya nne, nesi wa usiku anasoma anaamini, hospitali ya rufaa inapokea inaamini. Na kipimo kisichofanyika kikiandikwa kimefanyika kisha fomu ikaenda bima, hapo ni kudai hela ya huduma ambayo haikutolewa. Kwenye kesi ya kupigwa au kubakwa ni mbaya zaidi, kwa sababu PF3, ile fomu ya polisi inayojazwa hospitali, inaweza kwenda mpaka mahakamani, neno moja la kubuni likaharibu haki ya mtu.

Halafu kuna lugha, na hapa ndo naona watu hawapaangalii kabisa. Mgonjwa anaongea Kiswahili, faili linaandikwa Kiingereza. Mama akisema "nina kifua" mara nyingi anamaanisha anakohoa, lakini skraibu mwenye haraka anaweza kuandika maumivu ya kifua, na kikohozi na maumivu ya kifua zinampeleka mgonjwa njia mbili tofauti kabisa, mmoja atapimwa makohozi mwingine moyo. "Kichomi" je? "Chango"? Hilo chango kila mtu ana maana yake, mwingine ni tumbo la hedhi mwingine ni kukosa mtoto. Sasa ongeza bibi wa Mpwapwa anaeleza kwa Kigogo, mjukuu anatafsiri kwa Kiswahili, skraibu anageuza Kiingereza, maneno yameshavuka mito miwili kabla hayajafika kwenye karatasi. Mwandishi mwadilifu anaandika kwamba maelezo yametolewa na mjukuu, na neno asilolielewa analiandika vilevile lilivyotamkwa, anamwachia daktari aulize zaidi. Kulibadilisha kimyakimya kuwa ugonjwa anaoujua yeye sio kazi yake.

Siri nayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kama taarifa nyeti, na skraibu anasikia kila kitu, majibu ya HIV, mimba ambayo mume hajui, kila kitu. Dodoma bado ni mji wa kujuana, na Mirembe, hospitali yetu ya magonjwa ya akili, tunavyoitaja mtaani kumtania mtu wote tunajua, kwa hiyo fikiria mtu ametibiwa afya ya akili halafu habari ikatokea kwenye grupu la WhatsApp. Kupiga picha skrini ili umuulize mwenzako ni kosa hata kama nia ni njema. Na mgonjwa anatakiwa aambiwe huyu ni nani na anafanya nini humu ndani, akisema sitaki awepo, atoke tu bila kununa.

Pasiwedi ni ya mtu mmoja. Skraibu akiingia kwenye sistimu kwa pasiwedi ya daktari, kesho hakuna atakayejua nani aliandika nini, daktari anabeba kosa la mtu mwingine au mtu mwingine anajificha nyuma ya daktari. Utaratibu ni skraibu aandike jina lake na kwamba ameandika kwa niaba ya daktari fulani, kisha daktari asome, arekebishe, asaini na tarehe na saa. Asome kweli, maana saini yake ndo inayofanya maneno yale yawe yake. Siku hizi kuna programu za akili mnemba zinasikiliza mazungumzo na kuandika zenyewe, nazo zinakosea na zinabuni, kwa hiyo kusoma kabla ya kusaini kumezidi umuhimu, na mgonjwa aombwe ruhusa kabla hajarekodiwa.

Kosa likigundulika halifutwi. Kwenye karatasi unapiga mstari mmoja juu ya neno ili bado lisomeke, unaandika sahihi pembeni na jina na tarehe, wino mweupe hapana. Kwenye kompyuta unaongeza maelezo ya marekebisho, ya zamani yanabaki.

Na wewe mgonjwa, sheria hiyohiyo ya 2022 inakupa haki ya kujua taarifa zako na kuomba zirekebishwe zikiwa na makosa. Sisi tulirudi chumbani siku ile ile, daktari hakubisha, akafungua faili mbele yetu akaandika Septrin kwenye aleji, akamsomea mama kwa Kiswahili alichoandika. Yule kijana aliomba radhi. Mama akamuuliza kwani kwa nini hukuniuliza tu mwanangu, nilikuwa nimekaa hapa.