Mama, Hiyo Huenda Si Gesi: Maswali Tunayoulizwa Lamu

Mshtuko wa moyo ni nini?
Ni mshipa unaolisha misuli ya moyo kuziba. Misuli ikikosa damu hufa, na iliyokufa hairudi.

Si maradhi ya wanaume?
Hapana. Hapana kabisa. Dhana hii ndiyo inayotuletea kina mama wakiwa wamechelewa. Mwanamke naye huumwa kifua, ila mara nyingi kuliko mwanamume huongezewa mengine: pumzi kukata, kichefuchefu, uchovu wa ghafla, maumivu ya taya au mgongo. Basi nyumbani husemwa ni gesi. Atachuliwa mafuta, atapewa tangawizi, ataambiwa alale. Jamani, asilazwe nyumbani, aletwe hospitalini!

Dhana hiyo ilitoka wapi?
Hata watafiti wamechangia. Utafiti mkubwa wa Marekani kuhusu aspirini na moyo, ambao ripoti yake ya mwisho ilitoka 1989, ulikuwa na madaktari 22,071, wote wanaume. Sheria ya huko ya 1993 ndiyo iliyolazimisha wanawake wajumuishwe katika tafiti za tiba zinazolipiwa na serikali. Na si moyo tu: dawa ya usingizi ya zolpidem iliidhinishwa huko 1992. Ilipofika 2013 ndipo kipimo cha wanawake kikashushwa kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa kuwa huwakaa mwilini zaidi. Wauguzi wenzangu mnaokusanya takwimu, tengeni matokeo ya wanawake na ya wanaume. Mkiyachanganya, tofauti inafichika.

Nani ajihadhari zaidi?
Mwenye presha, mvutaji sigara, mwenye kisukari (humdhuru mwanamke moyo kuliko mwanamume). Pia aliyewahi kupata kifafa cha mimba, hata kama mtoto huyo sasa ni mtu mzima. Mwambie daktari, usingoje kuulizwa.

Tuko kisiwani Pate na ni usiku. Tungoje asubuhi?
Msingoje. Mpigieni simu mhudumu wa zahanati na mwenye boti papo hapo. Maji yakikupwa boti hukwama, na saa mliyoipoteza mkisubiri tangawizi ifanye kazi huenda ndiyo iliyokuwa saa ya maji.

Mume yuko safarini, hajatoa ruhusa.
Apigiwe mkiwa njiani. Msingoje!

Tukifika tukaambiwa ni gesi?
Ombeni apimwe moyo kwa mashine kwanza. Ikiwa ni gesi kweli, mtarudi naye nyumbani, na hakuna atakayewalaumu kwa kuja.