Miwani haitabiri: Lamu ya mwaka 2100 inavyoundwa

Mtu akivaa miwani ya uhalisia pepe, ile inayomwonyesha dunia iliyochorwa na kompyuta, akajikuta gatini Lamu mwaka 2100 na maji yamepita ukuta, swali lake la kwanza huwa: "Mumejuaje?" Hatujui. Kompyuta imepewa dhana, ikapiga hesabu, ikachora. Badilisha dhana, na bahari itapanda au kushuka mbele ya macho yako.

Dhana kubwa kuliko zote ni moshi wa dunia nzima. Ripoti ya 2021 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la wataalamu wa tabianchi, inakadiria kwamba kufikia 2100 wastani wa kina cha bahari duniani utakuwa umepanda sentimita 28 hadi 55 iwapo hewa chafu itapunguzwa sana, na 63 hadi 101 iwapo itaachwa iongezeke mno. Kwa hiyo situmii picha moja. Naonyesha ya chini na ya juu, ingawa wageni hutaka niwaambie "ile ya kweli".

Nahodha mmoja mzee hakuuliza hilo. Aliangalia kushoto na kulia, akanyamaza kidogo, kisha: "Mwanangu, haya ni maji mafu au ya bamvua?" Ndilo swali lenyewe: maji mafu hujaa na kupwa kidogo, bamvua hujaa na kupwa sana. Wastani wa bahari haumwagi maji barabarani. Kinachomwaga ni bamvua likikutana na upepo wa kusi, juu ya ule wastani ulioongezeka. Pwani yetu, bamvua peke yake hupandisha na kushusha maji zaidi ya mita 3. Nilimsogezea kipimo hadi bamvua, akarudi nyuma hatua mbili, miguu mikavu kabisa.

Mwili unadanganyika kwa sababu kila jicho lina picha yake, na vihisio hufuata kichwa kinapogeuka. Picha ikichelewa zaidi ya milisekunde 20 hivi, kichefuchefu kinaanza.

Je, kuona kunabadilisha mtu? Mwaka 2011 mtafiti Hal Hershfield na wenzake walichapisha utafiti ambamo vijana walionyeshwa sura zao za uzeeni ndani ya miwani. Walipoulizwa wangegawaje dola 1,000, waliojiona wazee waliweka wastani wa dola 172 kwa ajili ya kustaafu. Wenzao wasiojiona wazee, dola 80. Tofauti kubwa, ila pesa zenyewe zilikuwa za kudhania. Mtu kusema ataweka akiba si sawa na kuiweka.

Kitufe kinachopendwa zaidi ni cha mikoko. Lamu ndiyo kaunti yenye mikoko mingi kuliko zote Kenya, kwa hiyo kila mtu anataka kuipanda. Mikoko hupunguza nguvu ya wimbi na kushika tope, lakini haizuii bahari kupanda. Nimekifanya kitufe kiwe kizito makusudi: mche unabaki mche mpaka usogeze miaka.

Kinachonisumbua ni maji ya kunywa. Mvua hunywea kwenye vilima vya mchanga vya Shela, ikatulia juu ya maji ya chumvi, na mji unategemea hayo. Bahari ikipanda, au tukivuta maji kupita kiasi, chumvi inasogea chini kwa chini. Miwani haina ladha, na maji ya kisima yaliyoharibika yanaonekana safi vilevile. Nimechora kisima na kipimo cha chumvi kinachopanda ubavuni. Watu hukitupia jicho, kisha wanauliza njia ya kurudi gatini wakaone mawimbi.