Kadi ya Punguzo la Treni kwa Wazee Nchini Uingereza

Mtu yeyote aliyefikisha umri wa miaka 60 anaweza kununua Senior Railcard, kadi inayompunguzia theluthi moja ya nauli katika treni nyingi za Uingereza, zikiwemo za Wales na Scotland. Kigezo ni umri, wala si uraia. Kwa hiyo mama aliyetoka Mombasa au Kigoma kuja kuwaona wajukuu anaruhusiwa kuinunua kwa kuonyesha pasipoti yake. Tunalisisitiza hili kwa sababu ni rahisi kudhani kwamba nafuu za wazee ni za wenyeji peke yao, na mzee wa watu akaendelea kulipa nauli kamili bila sababu.

Tangu Machi 2025 kadi ya mwaka mmoja inauzwa pauni 35, na ya miaka mitatu pauni 80. Ili pauni hizo 35 zirudi, nauli za mwenye kadi kwa mwaka zinapaswa kufika pauni 105 kabla ya punguzo, kiasi ambacho safari chache za mbali hukifikisha. Punguzo hilo huhesabiwa hata juu ya tiketi za Advance, ambazo tayari ni nafuu kwa kuwa hununuliwa mapema kwa treni moja mahususi, na hapo ndipo akiba kubwa ilipo.

Kwa safari zinazoanzia na kuishia ndani ya eneo la London na kusini-mashariki, kadi haitumiki katika saa za msongamano wa asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa. Anayetumia Oyster, kadi ya kulipia usafiri wa London kwa kuigusisha kwenye mashine, amwombe mhudumu wa stesheni aziunganishe kadi hizo mbili, kwani anayegusa kwa kadi ya benki hapati punguzo hilo. Hata hivyo, mkazi wa London mwenye miaka 60 aulizie kwanza Oyster ya wazee, inayompa usafiri wa bure ndani ya jiji kuanzia saa 3 asubuhi siku za kazi.

Kadi lazima iwe hai siku ya safari, na msafiri awe nayo; iliyo ndani ya simu iliyozimika huhesabiwa kuwa haipo. Aliyeisahau nyumbani akalipishwa nauli zaidi atunze stakabadhi, kwa maana anaweza kudai kurejeshewa fedha hizo, mara moja kwa mwaka.